Somo wako ni nani?

Mazungumzo haya niliyatoa parokiani kwetu huku Kagera jioni ya tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, mbele ya viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Mvua iliwazuia wenzetu wa vigango vya mbali, nao wameomba maandishi. Nimeyaacha yalivyosemwa. Nimepunguza kikohozi changu tu.

Tumsifu Yesu Kristo!

Mmeitikia kama watu waliolowa, na kweli mmelowa. Tumsifu Yesu Kristo! Haya, sasa hata wa barabarani wamesikia.

Baba Paroko, masista, makatekista wetu, wenyeviti wa jumuiya, akina mama wa WAWATA, Wanawake Wakatoliki Tanzania, wazee wangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: nawasalimu nyote.

Nianze na swali dogo. Somo wa jumuiya yako, yaani mtakatifu msimamizi wake, ni nani? Semeni tu, msinyooshe mikono. Kizito. Bakhita. Anna. Yosefu Mfanyakazi. Karoli Lwanga. Vizuri kabisa. Swali la pili: huyo somo wako alifanya nini?

Mbona kimya?

Kimya hicho ndicho kilichonileta hapa. Kila mwaka siku ya somo tunachanga, tunashona vitenge vya sare, tunachinja mbuzi, tunapika ndizi sufuria tatu, na watu wanakula mpaka wanafungua mikanda. Ukimwuliza mtu mmoja katikati ya pilau, "Huyu tunayemshangilia aliishije?" anakwambia, "Alikuwa mtakatifu." Ndiyo, alikuwa mtakatifu. Lakini alifanya nini?

Tuanzie kwenye neno lenyewe. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho aliwaita watu "walioitwa kuwa watakatifu". Nendeni mkasome barua ile muone aliokuwa akiwaita hivyo. Walikuwa wamegawanyika makundi. Walikuwa wakipelekana mahakamani ndugu kwa ndugu. Wengine walifika kwenye meza ya Bwana wamelewa huku wenzao wana njaa. Ingekuwa parokia yetu, Baba Paroko angeomba uhamisho. Na bado Paulo anawaita watu walioitwa kuwa watakatifu. Kwa hiyo mwito ni wa kila aliyebatizwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, ulitumia sura nzima kusema jambo hilo moja: padri, sista, mkulima, mwenye duka, mama mwenye watoto sita, wote wameitwa kwenye utakatifu ule ule. Hakuna wa daraja la kwanza na wa daraja la pili kama kwenye meli.

Halafu kuna maana ya pili, ile ya kwenye kalenda. Mtu amekufa, Kanisa limechunguza, na Papa amesema mbele ya dunia nzima: huyu yuko mbinguni, mwombeni awaombee, mwigeni. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani Roma ndiyo inayomfanya mtu kuwa mtakatifu.

Wengi wenu mnanifahamu. Kabla sijawa mzee wa kuitwa kwenye semina nilikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi kimoja cha kahawa, miaka ile. Nimepima magunia mpaka mgongo ukapinda. Basi niwaambie jambo ambalo karani yeyote wa mizani analijua: mizani haiongezi kilo. Kahawa inafika na uzito wake kutoka shambani. Kazi ya mizani ni kusoma. Roma ni mizani, ndugu zangu. Kilo zimejazwa kwingine. Shikeni hilo la mizani, nitalirudia kabla sijakaa, na nitalirudia kwa aibu.

Kwanza twende Namugongo, Uganda, mahali pa hija ya mashahidi.

Nani kati yenu amefika Namugongo? Naona mikono mingi, maana kwetu hapa mpaka wa Mutukula ni jirani, na mabasi ya tarehe 3 Juni tunayajua. Wengine mmekwenda kwa miguu. Mashahidi wa Uganda walio wakatoliki ni 22. Waliuawa kati ya mwaka 1885 na 1887 chini ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na kundi kubwa lilichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mwaka ule siku hiyo iliangukia Sikukuu ya Kupaa Bwana. Pamoja nao waliuawa pia ndugu zetu waanglikana, na Papa Paulo VI hakuwasahau aliposimama kuwatangaza wale 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Karoli Lwanga mnamjua. Kizito, kijana wa miaka kama kumi na minne, mnamjua. Leo nataka mmoja ambaye hamumtaji: Mbaga Tuzinde.

Mkuu wa wauaji wa Kabaka aliitwa Mukajanga, na Mbaga alikuwa kijana wa nyumbani mwake, aliyelelewa kama mwanawe. Jaribuni kuona jambo hili. Mzee ana kazi yake, kazi ya kuua kwa amri ya mfalme. Kwenye orodha analikuta jina la mtoto wake. Akambembeleza. Akamwambia akane tu, atamficha. Ndugu wakaja kulia. Kijana akakataa. Mwisho Mukajanga akafanya huruma pekee iliyobaki mikononi mwake: akaamuru Mbaga apigwe shingoni kwanza, afe kabla ya moto kuwashwa.

Mimi nikisoma habari hii huwa nabaki na yule mzee kuliko kijana. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ni rahisi kushindana na adui, lakini anayekubembeleza kwa mapenzi, anayekwambia "mwanangu, sema neno moja tu tuondoke," huyo unamshindaje? Kishawishi mara nyingi hakiji na pembe. Kinakuja na sauti ya baba.

Njia hii ya kifodini, ya kufa kwa ajili ya imani, ndiyo ya zamani kuliko zote. Wakristo wa kwanza walikusanyika kwenye makaburi ya mashahidi wao bila kungoja barua ya mtu, na kwa karne nyingi watakatifu walitajwa hivyo, na waumini na maaskofu wao. Tangazo la kwanza la Papa tunalolijua vizuri ni la mwaka 993, Papa Yohane XV alipomtangaza Askofu Ulrich wa Augsburg, Ujerumani. Miaka karibu elfu moja ya Kanisa, na watakatifu walikuwepo tele! Mwaonaje? Kilo zilikuwepo kabla ya mizani.

Najua mtu hapa anasema moyoni: mzee, mimi sitakutana na Mukajanga. Mimi nina shamba, nina mume mkorofi, nina mkopo wa VICOBA. Njia yangu iko wapi?

Ngoja basi nikupe mwingine, na leo ndiyo siku yake. Tarehe kama ya leo, 31 Oktoba, mwaka 1930, sista mmoja Mwitalia alifariki mahali paitwapo Gikondi, Nyeri, nchini Kenya. Alikuwa na miaka 39. Jina lake la utawa ni Irene Stefani, wa Masista Wamisionari wa Consolata. Wakikuyu hawakumwita hivyo. Walimwita Nyaatha, mama mwenye huruma.

Alifika Kenya mwaka 1915, vita kuu ya kwanza ikiwa imeshawaka. Waingereza na Wajerumani walipigana huku kwetu, na waliobeba mizigo yao walikuwa Waafrika, maelfu kwa maelfu. Mkipita Kariakoo pale Dar es Salaam mkumbuke kwamba jina lile linatokana na kikosi cha wapagazi hao, kwa Kiingereza Carrier Corps. Walikufa kwa kuhara, malaria, vidonda, njaa. Sista Irene alipelekwa kuwauguza, kwanza Voi, kisha Kilwa na Lindi, pwani yetu hii ya kusini. Siyo hospitali kama mnavyoijua. Ni mabanda, harufu na nzi. Alijifunza Kiswahili humo humo, kando ya vitanda.

Inasimuliwa kwamba jioni moja alimkosa mgonjwa wake mmoja. Akaambiwa amekufa, ameshapelekwa pwani na maiti wengine. Sista hakuridhika. Akaenda ufukweni, akapekua katikati ya maiti, akamkuta angali anapumua, akaomba watu wambebe wamrudishe. Mtu wa namna gani anakwenda kupekua maiti jioni kwa sababu ya mpagazi mmoja ambaye jeshi halijui hata jina lake? Nauliza tu. Mtu wa namna gani?

Baada ya vita akawa Gikondi miaka kumi, akitembea kijiji kwa kijiji, akifundisha, akiwaandikia barua akina mama ambao watoto wao walikwenda kufanya kazi mbali. Mwalimu mmoja akaugua tauni, watu wakamkimbia. Sista akaenda kumuuguza, akaambukizwa, akafa.

Sasa hapa kuna neno nataka mlishike: fadhila za kishujaa. Kanisa linapomchunguza mtu ambaye hakuuawa kwa ajili ya imani, swali halihusu njozi wala kuelea hewani wakati wa sala. Linauliza: imani yake, matumaini yake, mapendo yake, busara, haki, nguvu na kiasi chake, je, alivitenda kwa kiwango cha shujaa? Kwa muda mrefu? Hata alipochoka? Hata asipoonwa? Na wanaoulizwa ni nani? Ni waliokaa naye. Waliolala chumba cha pili. Waliokula naye ugali ukiwa na chumvi nyingi wakaona alivyompokea mpishi.

Mnaona tatizo? Wewe na mimi tukifa leo, Askofu akituma watu mtaani kwetu kuuliza, majirani watasema nini? Jirani ndiye karatasi ya kwanza ya kesi ile. Bila sifa ya utakatifu kuvuma yenyewe kati ya watu, hakuna askofu anayefungua jalada.

Mchakato wenyewe nitaupitia haraka, maana viti hivi ni vigumu. Kwa kawaida inangojwa miaka mitano baada ya kifo, ili machozi yakauke na wapambe wapungue. Askofu wa jimbo alimofia mtu anafungua uchunguzi, na marehemu anaitwa Mtumishi wa Mungu. Wanasikilizwa mashahidi, yaani watu waliomfahamu, yanasomwa maandishi yake yote, hata barua za kuomba viatu. Majalada yanakwenda Roma, kwenye baraza la Papa linaloshughulikia kesi za watakatifu. Fadhila zake zikithibitishwa anaitwa Mheshimiwa. Hapo binadamu wamemaliza sauti yao, wanangoja sauti ya mbinguni, yaani muujiza. Muujiza mmoja, anatangazwa Mwenyeheri. Muujiza mwingine, uliotokea baada ya hapo, anatangazwa Mtakatifu. Aliyeuawa kwa ajili ya imani hahitaji muujiza ili awe Mwenyeheri, damu yake inatosha. Papa Fransisko aliongeza mlango mwingine mwaka 2017, wa wale waliotoa maisha yao kwa hiari kwa ajili ya wengine wakijua wazi kwamba watakufa.

Zamani kulikuwa na mtu aliyeitwa wakili wa shetani. Kazi yake ilikuwa kupinga tu. Yohane Paulo II alipobadili utaratibu mwaka 1983 kazi ile kwa sura yake ya kale ikaisha. Msifurahi mapema, bado yupo mtu wa kuangalia haki, na bado wanatafutwa mashahidi wenye la kupinga.

Na muujiza? Madaktari wanaoitwa hawaulizwi kama ni muujiza. Wanaulizwa jambo moja tu: je, mnaweza kulieleza kwa sayansi mnayoijua? Wakisema hapana, wanateolojia wanauliza: aliombwa nani? Mwisho ni Papa.

Mtazameni Mungu alivyo na mambo. Nyaatha alikufa kwa tauni. Miaka kumi na moja baadaye, 1941, masista wawili waliokuwa wakiuguza wagonjwa wa tauni Rubaga, Kampala, wakaambukizwa nao. Watu wakaomba kwa maombezi ya mashahidi wa Uganda, masista wakapona, na uponyaji ule ndio uliofungua njia ya mwaka 1964. Ugonjwa mmoja. Sista mmoja anakufa, anakwenda mbinguni. Wengine wawili wanapona, mashahidi wanatambuliwa. Usimpangie Mungu.

Naye Nyaatha alipata muujiza wa maji. Januari 1989, Nipepe, kaskazini mwa Msumbiji, wakati wa vita vya ndani. Makatekista walikuwa kwenye kozi na familia zao. Makatekista wangu, sikilizeni, ni ninyi hawa! Mapigano yakawakuta, wakajifungia kanisani, watu zaidi ya mia mbili, watoto ndani, joto la Januari, hakuna kutoka. Maji pekee yalikuwa ya kwenye kisima cha ubatizo, gogo la mti lililochongwa, lenye lita chache tu. Wakamwomba Sista Irene. Wakanywa maji yale siku kadhaa, wote, na mtoto aliyezaliwa humo humo kanisani akaogeshwa kwa maji hayo hayo. Wakamwita Irene. Kwa habari hiyo Nyaatha alitangazwa Mwenyeheri Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Bado anangoja muujiza mmoja. Mwenyeheri Anuarite wa Kongo naye, wa masista wa Jamaa Takatifu, aliyeuawa Isiro mwaka 1964 akimsamehe muuaji wake, alitangazwa Mwenyeheri mwaka 1985, na bado yuko kwenye foleni. Mbinguni ameshafika. Foleni ni yetu sisi huku chini.

Mtaniuliza habari za Mwalimu Nyerere, najua, huwa mnaniuliza kila semina. Baba wa Taifa alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, na Jimbo la Musoma lilifungua kesi yake baada ya ile miaka mitano. Ni Mtumishi wa Mungu. Ruksa kumwomba akuombee ukiwa chumbani kwako. Hairuhusiwi kumweka kwenye altare wala kumtaja katika litania ya Misa. Yule mwenyekiti aliyeniambia jumuiya yao mpya itaitwa Mtakatifu Julius Kambarage, namwona amekaa pale, acheke tu lakini asubiri. Na niseme jambo ambalo wengine hawatalipenda: kesi yake haitakiwi kupewa sifa tupu. Wale waliomwona akihudhuria Misa asubuhi waseme. Na wale waliohamishwa kwenda vijiji vya ujamaa nyumba zao zikavunjwa, nao wasikilizwe. Kumficha shahidi mwenye kinyongo ni kumpunja marehemu. Mizani isomwe yote.

Vijana, msinikasirikie, nanyi mna wenu. Carlo Acutis, Mwitalia, alikufa kwa kansa ya damu mwaka 2006 akiwa na miaka 15, alipenda kompyuta na Ekaristi, na ametangazwa Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Amelazwa Assisi amevaa jinzi na raba. Jinzi na raba, bibi zangu! Lakini huyo mtamsoma wenyewe kwenye simu. Mimi nataka kuwapa wa karibu zaidi, anayeongea Kiswahili kama ninyi.

Floribert Bwana Chui. Kijana wa Goma, Kongo. Alizaliwa 1981. Alikuwa wa Jumuiya ya Sant'Egidio, chama cha walei wakatoliki, na jioni alikuwa akiwafundisha watoto wa mitaani, wale Goma wanawaita maibobo. Akapata kazi kwenye ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa mpakani. Kazi nzuri. Kazi ya muhuri. Mnajua kazi ya muhuri inavyotafutwa na watu!

Ukaja mchele mbovu unavushwa. Floribert akakataa kuupitisha, ukatakiwa kuharibiwa. Wakampa pesa. Akakataa. Simu zikapigwa kutoka juu. Akakataa. Alimsimulia sista mmoja rafiki yake hesabu aliyoifanya kichwani: pesa hii itaisha upesi, je, watakaokula chakula hiki watakuwaje? Na akajiuliza kama anaishi katika Kristo au haishi. Julai 2007 akatekwa, akateswa, akauawa. Miaka 26.

Kanisa lilikaa na kesi hii likajiuliza swali gumu: huyu aliuawa kwa ajili ya imani, au kwa ajili ya mchele? Na jibu likawa: imani yake ndiyo iliyomzuia mkono usigonge muhuri. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri na shahidi, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Roma. Kwa ajili ya mchele, ndugu zangu. Mungu hakuhesabu mchele kuwa ni mambo ya ofisini tu.

Nilipoisikia habari ya Floribert sikulala. Nawaambieni kwa nini, na Baba Paroko nimemwomba ruhusa.

Kwenye ile mizani yangu tulikuwa watu watatu. Gunia likisoma sitini na mbili, naita sitini. Kilo mbili. Nani ataona kilo mbili? Mwisho wa msimu tunagawana. Sikupigiwa simu na mkubwa yeyote, hakuna aliyenitishia maisha. Nilikuwa na miaka 31 na nilitaka redio.

Kulikuwa na bibi mmoja mjane, simtaji jina. Hakuwahi kuuza kahawa yake butura, ikiwa bado mtini, kama wengi walivyofanya shida zikiwabana. Alingoja ikauke, akaileta mwenyewe. Kila msimu akifika ananisalimu, anaiangalia mizani, halafu ananiuliza kwa upole, "Mwanangu, leo mizani imeamkaje?" Nami najibu, "Imeamka salama, bibi." Anacheka, anachukua stakabadhi yake, anakwenda.

Mwaka mmoja mtoto wangu wa pili akaugua sana, tukakaa hospitali majuma matatu. Aliyekuwa akileta ndizi nyumbani kwa waliobaki, mkungu kila Jumamosi, ni yule bibi. Kwa miguu. Sikumwomba.

Baadaye nilikwenda kuungama. Padri akaniuliza, "Umerudisha?" Nikasema, "Padri, ni watu wengi, ni miaka." Akasema, "Anza na mmoja." Basi nikapiga hesabu zangu, nikafunga pesa kwenye bahasha, nikaenda kwa bibi jioni ili nisionwe. Nikapiga magoti, nikasema yote. Nilidhani atalia, au atanifukuza, au ataniambia kama wanavyosema watu wema, "Acha tu mwanangu, yamepita."

Akaifungua bahasha. Akahesabu. Akahesabu tena. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na kamba ya mgomba ina mafundo. Kumbe kila msimu alikuwa akiipima kahawa yake dukani kwanza, debe moja baada ya jingine, kisha akifika nyumbani anafunga fundo moja kwa kila kilo niliyomwibia. Akayapitia mafundo kwa vidole, taratibu, mimi nimepiga magoti pale pale. Kisha akasema, "Bado kilo tatu."

Alikuwa akijua. Ndugu zangu, alikuwa akijua! Ile mikungu ya ndizi, alipokuwa ameibeba kichwani akija kwangu, ile kamba ilikuwa imening'inia ukutani kwake na hesabu yote.

Nikalipa kilo tatu. Akaifungua kamba ile fundo kwa fundo mbele yangu, akaitumia kufungia mzigo wa kuni. Akanipa chai.

Ameshafariki, miaka mingi sasa. Hakuna jalada lake Roma na halitakuwepo. Waliomjua wamebaki wachache, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akimwibia. Lakini sikukuu ya kesho ni ya watu wa namna hiyo, wale umati mkubwa ambao kalenda haina nafasi yao.

Baba Paroko ananionyesha saa. Simameni basi. Mwanakwaya, tuanzishie litania. Tunawataja wa kwenye kitabu, wote, kwa mpangilio. Tukifika "Watakatifu wote wa Mungu", nitaomba tunyamaze kidogo kabla ya kuitikia "mtuombee", kila mmoja ataje kimoyomoyo jina la mtu wake. Mimi langu ninalo.